Anayelia Abebwe Kwanza

Kwa jina lake Mwenyezi, aliyemwinua mtu kutoka mavumbini na ndiye atakayemrudisha humo, twaanza. Na kila kitu kitajwe asili yake: benchi hili la Busia, upande wa Uganda, ni ubao wa trela lililopinduka papa hapa mwaka jana na kuwaangukia wachuuzi. Mabaki yalipoondolewa, vijana waliuchukua ubao, wakautia miguu. Hapo huketi Oundo, wakala wa forodha, aitwaye Kontena. Paddy wa bodaboda, aitwaye Ambulensi. Na Okurut, katekista mstaafu wa kanisa la Mella, ambaye mkewe, Akwi, alikuwa miongoni mwa wachuuzi wale. Akwi hakupiga kelele siku ile. Alibebwa wa mwisho, akafika hospitali roho imeshatoka. Sasa zahanati ilikuwa imekiagiza kijiwe kipeleke, kabla ya adhuhuri, shauri moja la kutumika siku ya msiba mwingine. Okurut alikuja na lake, amelichukua kama mtu achukuaye maji kwa viganja.

Nangila, muuza kahawa kutoka upande wa Kenya, akamimina.

— Shida ni mpaka, Kontena akasema. Mtu iko na damu, bado wanauliza kitambulisho! Mimi nasema majeruhi apite kama mzigo wa transiti. Unamfunga sili ya forodha kwa mkono, basi. Hakuna kumgusa mpaka hospitali ng'ambo.

— Na akifa njiani? Nangila akauliza.

— Mzigo umeharibika. Bima nalipa.

— Ushindwe! Wewe hata mamako ungemtafutia stakabadhi.

Paddy akacheka bila furaha.

— Pikipiki iko mingi. Ile siku ni sisi tulibeba watu. Nasikia mtu analia, nakwenda, nabeba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo, Ambulensi? Nangila akauliza.

— Si hospitali ilijaa?

— Ilijaa, ndiyo. Na wa kwanza wako alikuwa yule jamaa aliyevunjika kidole.

— Alikuwa nalia kama mbuzi ya Krismasi! Ningemwacha?

Okurut akakohoa kidogo.

— Ndugu zangu, mimi naona...

— Ngoja kwanza, Katekista, Kontena akamkatiza. Nimepata! Tunafunga waya kutoka mnara wa simu mpaka hospitali. Majeruhi anateleza juu kwa juu. Hakuna foleni, hakuna kizuizi.

— Kuku wako wenyewe hujawajengea banda, Nangila akasema. Dawa ni filimbi. Kila mtu atembee na filimbi shingoni. Akiumia, apulize.

— Hapo sawa! Paddy akapiga goti. Anayepuliza sana, nabeba kwanza. Mwenye nguvu mpishe!

Okurut akaiwaza filimbi kinywani mwa Akwi. Kahawa ikampoa mkononi. Alikwisha kuzika, alikwisha kusamehe, lililobaki ni neno moja tu, nalo halikupata mlango.

Mwanamke mmoja akatua beseni la dagaa. Jina lake Asekenye, mgeni hapo kijiweni. Alikuwa amesimama nyuma yao akingoja kikombe, na yote ameyasikia.

— Mnisamehe, wazee. Na yule hana pumzi ya kupuliza, nani atamwendea?

Kontena akaigeukia foleni ya malori. Paddy akatazama viganja vyake, kana kwamba vingali na damu. Nangila akainamisha birika. Yakatoka mashapo matupu. Hapana aliyemtazama mzee aketiye mwisho wa benchi, kwa kuwa hakuwa akipiga kelele.

Asekenye akawapita wote watatu, akaketi kando yake.

— Na wewe, papa, baba yangu, mbona umenyamaza?

Okurut akauweka mkono juu ya ubao, akalitoa neno lake: aliyenyamaza aendewe kwanza.

Nanyi mliotega sikio, Mola awabariki, na siku ya taabu awaletee mtu atakayewajia kabla hamjaita. Amina.