Kitambi Mbele ya Jicho

Ndugu Elisaria, Mgeni Rasmi wetu kutoka makao makuu ya shirika, Ndugu Meneja, Ndugu Mwenyekiti wa Tawi la Chama, ndugu wafanyakazi wenzangu, na ninyi majirani wa Gerezani mliovutwa na harufu ya pilau, ambayo mchele wake naomba tusiulizane umetoka wapi: nawasalimu nyote.

Mimi Bakili nimeagizwa nimsifu Mama Severa, anayestaafu leo, na nisiropoke. La kwanza naliweza.

Mashine yetu ya zamani ya kukata sabuni ilikata chochote kilichopita mbele yake, na vidole vyangu viwili vilipita. Ndipo ikaletwa hii yenye kompyuta ndani. Msifikirie yale makompyuta ya maofisini, yanayojaza chumba kizima na kupepewa kuliko wagonjwa. Hii ni ndogo, imefichwa humo humo ndani ya mashine, na imesomea kazi moja tu: kuchungulia kwa jicho lake la taa, na mtu akikaribia kisu, kukizima. Haiulizi cheo chake.

Nani hapa asiyekumbuka siku ya uzinduzi? Ndugu Elisaria alikata utepe, akaegemea mashine apigwe picha, na kitambi chake, ambacho wakati ule kilikuwa na madaraka kamili, kikatua mbele ya jicho. Mashine ikasimama. Fundi Gaudens akazima, akawasha. Wapi! Sisi wengine tulishaona kilichoziba jicho, tukaitazama dari kana kwamba ndiyo iliyogoma. Maana utamwambiaje mgeni rasmi kwamba tumbo lake limesimamisha uzalishaji wa taifa?

"Tatizo nini?" akauliza.

"Jicho linaona kitu, mzee," akasema Gaudens.

"Kitu gani?"

"Kitu tu, mzee."

"Basi ling'oeni! Wananchi wako kwenye foleni wanangoja sabuni."

Gaudens akashika bisibisi. Hapo, ndugu zangu, hamu ya kucheka iliniisha. Nilimtazama Kuruthumu, aliyekuwa zamu ya kisu, nikavitazama vidole vyake, nikaogopa kweli kweli. Na bado sikufungua mdomo.

Mama Severa akatoka mstarini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Naomba urudi nyuma kidogo, baba. Hicho kitu ni wewe."

Akarudi nyuma. Kisu kikaanza kazi, bisibisi ikarudi mfukoni. Wiki iliyofuata Mama Severa akahamishiwa stoo kuhesabu magunia, kwa sababu ambazo hadi leo hazijatangazwa. Hakunung'unika. Jicho likabaki mahali pake, na tangu siku ile hakuna aliyekatwa.

Ndiyo maana leo, Ndugu Mgeni Rasmi, kiti chako tumekiweka kule mbali na mashine. Si kwa ubaya. Tuna sabuni za kumalizia.

Mama Severa, tutakukosa, mimi hasa. Vijana wote wa kisu wako hapa, na watakupigia makofi kwa vidole kumi kumi. Mimi nitajitahidi na vinane vyangu.

Ahsanteni sana kwa masikio yenu. Naona Ndugu Elisaria amekuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi, na kwa hilo tunamshukuru kwa dhati. Ila sogea kidogo, baba. Mama haonekani.