Akara Ndani ya Gazeti la Adesokan

Kwenye boti ya abiria ya kwenda Ikorodu, mzee mmoja alikalia bango la Adesokan, mgombea ugavana wa upinzani, asilowe.

“Mwandishi mzima kaingia siasa! Watamnunua tu.”

Mama muuza akara, zile bajia za kunde, aligeuka mwili mzima, na si mwili mdogo. “Baba, wanajeshi walipopiga marufuku gazeti lake, mimi nilifungia akara humo. Watu walilisoma hivyo hivyo na mafuta yake. Hata koplo aliyetumwa kumsaka alinunua kwangu.”

“Akakukamata?”

“Alisoma, akarudi kununua tena. Alitaka ukurasa unaofuata.”

Tulipogusa gati, mzee alisimama, akalinyoosha lile bango taratibu kwa kiganja, akasema kura yake bado hampi Adesokan.