Kavindu na Safari ya Ndege Isiyoruka

Jumatatu asubuhi Nzioki alifika kijiweni Witeithie akicheka peke yake. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, kwa hivyo wenzake kwenye benchi la Jackie, muuza kahawa, walijua kuna stori. Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa amempeleka mama yake, Kavindu, pamoja na mkewe Ndinda, kwenye kijumba cha makumbusho ya ndege huko upande wa Ruiru. Mama aliruhusiwa kuingia ndani ya ndege moja kuukuu. Akaketi, akafunga mkanda, akakataa kushuka.

— Kukataa aje? akauliza Kagwe, wanayemwita Katiba kwa kupenda ubishi.

— Alisema ameshaketi, lazima afike. Ndinda akajifanya mhudumu, akapitisha njugu. Mimi nikawa rubani, nikanguruma mpaka koo ikakauka. Tulipotangaza tumetua Kisumu, ndio akashuka. Tangu jana anapigia kanisa nzima simu kwamba amepanda ndege.

Jackie nusura amwage kahawa.

— Hiyo si kupanda! Haikutoka chini! akasema Katiba.

— Wewe! akadakia Mwas, fundi wa redio ambaye hujiita Injinia. Dunia inazunguka ama haizunguki? Huyo mama amepita Kisumu kitambo.

— Kwani hata sisi hapa kwa benchi tuko safarini? akauliza Katiba.

— Tena bila tiketi! Shika kikombe, tunapiga kona!

Wakaegemea wote upande mmoja, benchi likalia. Jackie akaanza kutangaza hali ya hewa ya Mombasa.

Nzioki alicheka nao. Ila hakutaka mama awe kichekesho cha mtaa. Tangu mzee afariki, hakuwa amemsikia mama akicheka vile alivyocheka ndani ya ile ndege, mpaka kujifuta machozi kwa leso. Hayo unawaambiaje watu hawa?

Hapo Kavindu mwenyewe akatokea, kiondo begani, akitoka dukani.

— Mama, karibu Kisumu! Katiba akapaaza sauti.

Kavindu akacheka kuwashinda wote, akajibana kando ya mwanawe.

— Mimi wangu amenirusha. Na nyinyi, mama zenu mmewapeleka wapi?

Injinia akakagua viatu vyake. Jackie akakoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari. Katiba akasimama, akatoa simu, akasogea pembeni kumpigia mama yake.

— Maitu? Ni mimi... Zii, hakuna mtu mgonjwa. Nilikuwa nauliza tu, umewahi kuona ndege karibu?