Aliyeisimamisha Theluji Hewani: Bi. Magdaline Watiri Anaiaga Studio ya Mlima

Ijumaa, tarehe 30 Desemba 1988, Bi. Magdaline Watiri, ambaye sisi wote tunamwita Mama Wacera, anastaafu baada ya kuitumikia Studio ya Mlima, Nyeri, kwa miaka ishirini na tano. Mzee Tulsidas, mwenye studio, alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu hakuhangaika. Alinijia mimi, Hezekiah Theuri wa kaunta, kwa sababu kutoka Majengo mpaka Nanyuki hakuna uso uliopita mbele ya kamera yetu kabla ya kupita mbele yangu. Kama si mimi kuwaambia wafunge vifungo na kupangusa jasho, picha nyingi za wakubwa wa mkoa huu zingekuwa aibu tupu. Haya basi, tuje kwa mstaafu.

Mama Wacera aliingia studio Januari 1964, msichana wa Tetu aliyejua kushona. Alipewa mkasi akate picha za vitambulisho. Baadaye akapewa ile penseli nyembamba ya kurekebisha filamu, akawa anafuta makovu, anapunguza mashavu, anawaongezea mabwana harusi nywele. Kuna chifu mmoja aliyefutwa kidevu cha pili, akarudi kuuliza kama anaweza kufanyiwa hivyo hivyo mwilini. Niliandika jina lake kwenye orodha ya wanaongoja.

Lakini alichotaka Mama Wacera ni kutoka nje na kamera. Kila mwaka alimwomba Mzee, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: "Ndani mtu anakaa, Watiri. Nje mtu anakimbia. Wewe utashika nani?"

Mwaka wa 1981 hoteli moja ya Naro Moru ikaagiza kalenda. Walikuwa na kijana wao mchukuzi wa mizigo ya wapanda mlima, Wamae, ambaye mgeni mmoja alimwachia ubao wa kutelezea kwenye theluji. Ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa juu yake, mtu anashuka ubavu ubavu kama kaa. Walitaka picha ya Wamae akiruka, na Mlima nyuma yake. Mzee Tulsidas akasema ataita mpiga picha kutoka Nairobi. Mama Wacera akaweka mkasi chini. Akasema apewe nafasi hii moja; akishindwa, hataomba tena, atakata vitambulisho mpaka siku ya kuondoka. Mzee akakubali. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunipendeza, kwa maana mimi napenda sana kujua kitu kinafanyaje kazi, hasa kikiwa cha mtu mwingine.

Swali la kwanza lilikuwa kamera gani. Kwenye kabati la kioo tulikuwa na moja mpya ya Kijapani, ya betri, ambayo karibu inajipigia yenyewe. Tulikuwa pia na ile kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, isiyo na betri hata moja. Mtu yeyote angechukua mpya. Mama Wacera alizifunga zote mbili kwenye karatasi za nailoni akazilaza ndani ya friza ya nyumbani kwa Mzee. Asubuhi Induben, mke wa Mzee, akafungua kutafuta njegere.

"Watiri! Hii ni mboga ya wapi?"

"Ni ya mlimani, Mama. Ngoja tuone gani imeiva."

Ile mpya ilikuwa imekufa kabisa. Betri ikishikwa na baridi hulala. Ile kuukuu ilipobonyezwa ikalia *kacha*, kama kawaida. Ikajichagua yenyewe.

Swali la pili lilikuwa kasi. Shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, inapaswa kufunguka na kufunga kwa upesi gani ili mtu anayeteleza aonekane amesimama? Hapa sitaki kujisifu, lakini ni mimi niliyetoa mwili wangu. Tulienda Giakanja baada ya mvua, kwenye mteremko ulio nyuma ya soko. Nikakalia gome la mgomba, nikajiachilia. Mama Wacera alikuwa kando, akinifuata na lenzi. Akina mama wa sokoni waliacha viazi.

"Hezekiah! Ati hii ndiyo kazi umeandikwa?"

"Mwacheni! Anaenda kununua chumvi haraka!"

Nilishuka mpaka suruali ikanisaliti. Picha zilipotoka, kwenye kasi ya sitini nilikuwa moshi wenye kofia. Kwenye mia moja ishirini na tano kofia ilitulia lakini miguu haikuwepo. Kwenye mia tano, yaani sekunde moja ikigawanywa vipande mia tano na ukachukua kimoja, hata matone ya tope yalisimama hewani, unaweza kuyahesabu. Naamini mimi ndiye mtu wa kwanza Afrika kupigwa akiteleza kwa kasi ya mia tano. Hakuna aliyewahi kunipinga.

Mzee alimtaka Mama Wacera abebe lenzi ndefu kuliko zote, ile ya urefu wa mkono. Yeye akakataa. Lenzi ndefu sana huona mahali padogo, na Wamae akikata kona ghafla atatoka nje ya picha, libaki jabali tu. Akachukua ya kadiri, ambayo angeweza kuishika bila mkono kutetemeka.

Msafara ulitoka Naro Moru mimi nikiwa mkuu wa mizigo. Sasa sikilizeni maajabu ya theluji. Kipima mwanga hakijui theluji. Kinadhani dunia yote ina rangi ya majivu, kwa hivyo kikiona weupe mwingi sindano inaruka na kukuambia: punguza, punguza! Ukikitii, theluji inatoka kama jivu la jikoni, na uso wa mtu mweusi unakuwa shimo, hana macho wala pua. Siku hiyo sindano ilisema tundu la lenzi liwekwe kumi na sita. Mama Wacera akaipa theluji mgongo. Akampelekea Wamae kipimo karibu na shavu, akatafakari, akaweka nane. Namba ikipungua tundu hupanuka, kwa hivyo huo ni mwanga mara nne ya ule aliokuwa ameambiwa. Miaka yote ile ya kurekebisha nyuso kwa penseli ilikuwa imemfundisha uso unahitaji nini.

Bado kulikuwa na jambo la kulenga. Ubao huwezi kuufuata ukizungusha lenzi. Ukimaliza, mtu ameshapita. Akamwambia Wamae aweke skafu yake nyekundu pale atakaporukia. Akailenga skafu mpaka nyuzi zikaonekana, kisha ikaondolewa na yeye akabaki amepalenga pale pale, kama anavyongojewa bibi harusi kwenye mlango wa kanisa.

Wamae akapiga kelele kutoka juu: "Mama Wacera, nikianguka piga pia! Usinihurumie!"

"Wewe kuja tu! Nakungoja mlangoni!"

Mara ya kwanza akaanguka kabla ya kufika. Mara ya pili akapita mbali. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka, na yakifunika hapo hakuna mwanga mpaka kesho, wala chakula cha kungojea kesho hakikuwepo. Filamu alikuwa anaivuta polepole, kwa maana kwenye baridi hukatika kama chapati kavu. Wamae akaja mara ya tatu. Mama Wacera akabonyeza kabla hajafika alama, kwa sababu kidole hucheleweshwa na akili. *Kacha.* Wingu likafunga.

Siku picha inaoshwa Mzee Tulsidas alisimama nje ya chumba cha giza akitembeza shanga zake za kuombea. Ikatoka. Theluji nyeupe kama shuka, chembe zake zimetapakaa hewani, na katikati Wamae, macho wazi, meno yote nje. Mzee aliitazama sana. Halafu akasema, "Yule wa Nairobi nitampigia simu. Nitamwambia asikuje."

Tangu siku hiyo Mama Wacera hakushika mkasi tena. Amepiga maonyesho ya kahawa, mbio za shule, mpira wa Ruring'u, na ngamia mmoja Nanyuki aliyekuwa anamfukuza polisi. Amefundisha wengi, na hajamficha mtu jambo.

Mama Wacera, tunakushukuru kwa subira yako na kwa nyuso zetu ulizozitunza. Rudi Tetu upumzike, kahawa yako izae, na wajukuu wakikimbia mbele yako wakimbie tu, wewe utawashika. Kaa salama miaka mingi.

Basi ningeishia hapo. Lakini nasikia Wamae amealikwa kwenye sherehe ya kumuaga na atakaa meza ya mbele wasifu huu ukisomwa, na ni heri niseme mwenyewe kabla hajasema. Mimi sikufika kwenye theluji. Kwenye lile tope lililo juu ya msitu kiatu changu cha kushoto kilizama, nikakitafuta kwa mkono mpaka begani, nikakikosa, nikarudi Naro Moru na gambuti moja ya kuazima. Habari zote za huko juu alinisimulia Mama Wacera kaunta, kwa vile nilimwuliza kila asubuhi mpaka akachoka. Na miaka hii saba, wateja wakiuliza ile picha ya kalenda ilipigwa na nani, nimekuwa nikiwajibu, "Tuliipiga."

Aliipiga yeye.