Maximilla Nduwayezu na Siku Mbili za Kila Wiki

Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu mliotoka Kibondo na Kasulu mjini kuja kuzika pamoja nasi, asalamu alaykum. Mimi ni Fidele Nduwayezu, mdogo wa marehemu, familia imenituma nisome, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Dada yetu Maximilla alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Titye, mtoto wa tatu kati ya sita wa wazazi waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa vijana, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1996 hadi 2002, sekondari Kasulu hadi 2006, na mwaka 2008 akapata cheti cha kompyuta Kigoma mjini, mahali ambako baba alimpeleka kwa kuuza ng'ombe wetu pekee.

Tarehe 12 Julai 2014 alifunga ndoa na mwalimu Reverien Mpawenimana, wakajaliwa watoto wawili, Claudine mwenye miaka tisa na Juvenal mwenye miaka minne.

Mei 2016 aliajiriwa na shirika moja lililohudumia wakimbizi katika kambi ya Mtendeli, mbele ya Kibondo, akiwa mmoja wa makarani wanne ambao kila Jumatatu na Jumanne walichukua orodha za wakimbizi wa kanda zote za kambi na kuzichapa upya, jina baada ya jina, ziwe orodha moja, mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwaka 2017 alijifundisha mwenyewe kuiandikia kompyuta maelekezo, ikawa inazikusanya orodha zote yenyewe, na kazi ya siku mbili ikaisha kabla chai haijapoa. Mwenzake Asia Khatibu, ambaye yuko nasi hapa, alishtuka akamwambia, "Maxi, utatufukuzisha kazi wote." Dada akamjibu, "Siku hizo mbili ni zetu, tuzipangie kazi kabla mkubwa hajazipangia," na kabla hajamwonyesha mkuu wao chochote alikuwa amekwisha kuandika ombi kwamba makarani wote wanne wabaki, na muda uliookolewa utumike kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, na mkuu akakubali.

Aliielekeza kompyuta itafute majina yanayokaribiana, hata kwenye orodha za kambi nyingine, kisha yeye na Asia wakawa wanatembea hema kwa hema wakiuliza. Februari 2018 walimpata mtoto wa miaka mitano aliyeandikwa Nkunzimana, na mama aliyeandikwa Kunzimana katika kambi nyingine, herufi moja ndiyo iliyowatenganisha kwa miezi kumi na minne. Dada alinisimulia kwamba yule mama hakuweza kusema zaidi ya warakoze, warakoze, yaani asante kwa Kirundi. Hadi kambi inafungwa mwaka 2021, walikuwa wamewakutanisha watoto thelathini na mmoja na wazazi wao.

Mwaka 2022 alihamia Kasulu pamoja na Asia, kwenye kituo cha afya kimoja, ambako wauguzi walikuwa wakipekua madaftari kila wiki kutafuta akina mama ambao hawakuwarudisha watoto kliniki kwa chanjo. Akaifundisha kompyuta ya pale kuwapata na kuwatumia ujumbe wa simu kuwakumbusha tarehe zao.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo ninaposhindwa. Juni 2024 alinionyesha uvimbe kwenye titi, nikamwambia nenda hospitali, akasema, "Nikimaliza hii kazi ya chanjo nitakwenda, Fidele," nami nikakubali. Aliwakumbusha akina mama wa watu mamia kwa mamia, na mimi ndugu yake sikumkumbusha hata mara moja. Alikwenda Januari 2025, akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, akafanyiwa upasuaji Machi, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Akiwa kitandani alimwelekeza Asia kwa simu namna ya kuendesha ile kazi, hatua kwa hatua, akipumzika katikati ili avute pumzi, na siku Asia alipoweza peke yake, akatabasamu, akageukia ukutani akalia. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, Reverien akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Kasulu, majirani wa Titye mliopika na kuchota maji tangu Jumanne, wafanyakazi wenzake, na wewe Asia, uliyelala sakafuni pembeni ya kitanda chake wiki tatu za mwisho.

Claudine ameniomba nimwambie mama yake jambo moja, nami nalisema kama alivyolisema: "Mama, leo nimemvalisha Juvenal viatu mwenyewe, sikukosea mguu."

Dada, umesikia. Kapumzike kwa amani ya Mungu, watoto tunao.