Josephati Margwe, Mkalimani Aliyeuliza Maana

Ndugu waombolezaji, majirani na jamaa mliotoka Baray, Sale na Malambo, mimi Lusia, binti wa kwanza wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea kwa ufupi maisha ya baba yetu, Josephati Margwe, ingawa yeye mwenyewe ufupi hakuujua.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1929 huko Baray, akasoma Karatu hadi darasa la nne, mwaka 1943, kisha akamfuata Malambo mjomba wake, mchuuzi wa ng'ombe, akakaa miaka sita, akarudi na Kimaasai juu ya Kiiraqw chake na Kiswahili cha shule. Tarehe 12 Julai 1952 alifunga ndoa na mama yetu, Marsela, wakajaliwa watoto watano, wanne tuko hai. Mwaka 1961 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama ya mwanzo.

Hapa familia ilitaka nisome kwamba aliacha kazi kwa hiari. Hakuacha, alifukuzwa, na sababu yenyewe ina heshima kuliko hiyo hiari.

Alikuwa na desturi iliyowachosha mahakimu: mtu akitoa msemo wa kwao, baba alimuuliza kwanza maana yake, ndipo atafsiri. Tarehe 9 Mei 1979, akiwa na homa na hakimu akimhimiza, hakuuliza. Senteu, mfugaji wa Malambo, alishtakiwa kwa kumtisha Leodegar, mwenye duka, kwa kumwambia, kwa msemo wa boma lao, kwamba nyumba yako kwangu ni majivu, yaani urafiki umekwisha, sitakanyaga tena kwako. Baba alitafsiri neno kwa neno, mahakama ikasikia tishio la kuchoma duka, Senteu akafungwa miezi sita. Nje, mkewe Nareyu alimwambia baba mbele ya watu, "Mzee, na Waswahili wakisema moyo umevunjika, wewe unaita fundi?"

Kesho yake baba aliiandikia mahakama ya wilaya akikiri kosa, Senteu akaachiwa baada ya siku arobaini na moja, baba akamwaga unga. Bibi yetu alipopewa habari hiyo kwa maneno hayohayo, aliuliza ni debe ngapi.

Tangu hapo alilima, akajaza madaftari misemo ya lugha zote tatu, kila mmoja na jina la aliyemweleza maana. Na kila mwaka alikwenda Malambo kumwomba Senteu msamaha, akapewa maziwa, hakupewa mkono.

Agosti 1986 figo zilianza kushindwa, akalazwa. Tarehe 2 Oktoba Senteu aliingia wodini, akamshika mkono, akasema kwa Kimaasai, "Nimekuja kukuona." Baba, kwa sauti iliyobaki, akamuuliza maana yake. Senteu akacheka. "Hakuna msemo hapo, Josephati. Nimekuja kukuona tu." Baba alifariki siku tatu baadaye, saa mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchimba kaburi, makarani wenzake waliofika leo, japo wamechelewa miaka saba, na Senteu na Nareyu, ambao hawajaondoka karibu na mama tangu msiba uingie. Pumzika kwa amani, Baba, umesamehewa, na hilo halihitaji mkalimani.