Mzee Upupu na Rundo la Faiba

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, nimechoka kama nyote mlivyochoka, kwa hiyo mnivumilie nisome polepole.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Upupu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa pili wa fundi seremala, akamaliza shule ya msingi mwaka 1970, na mwaka 1978 akaajiriwa katika kiwanda cha matangi ya maji ya faiba, kazi yake kukata kingo za matangi, na vumbi lake la kuwasha ndilo lililompa jina.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982, na kwa kuwa asubuhi ile alipitia kiwandani na suti yake, bibi harusi yuko kwenye kila picha akijikuna shingo. Walijaliwa watoto watatu, ambao nguo zao hazikufuliwa kamwe beseni moja na za baba.

Mabaki ya faiba yakishaganda hayayeyuki, ukiyachoma yanatoa moshi mweusi, na kiwanda kilikuwa kikiyafukia, mpaka shimo lilipojaa mwaka 2004, ndipo kaka akaanza kuyasaga na kuyachanganya na saruji na mchanga, akafyatua matofali ya kutandaza uani, haya ambayo viti vyenu vimesimama juu yake. Alipostaafu mwaka 2016 alihamishia mashine nyumbani pamoja na rundo la mabaki yaliyokuwa hayajasagwa, akamwahidi shemeji, mkewe, kwamba rundo likiisha, uwanja wa nyuma utakuwa bustani yake ya mboga. Lakini matangi hayakuacha kutengenezwa, lori la kiwanda lilileta mabaki mapya kila mwezi, naye hakuweza kulifukuza, maana likifukuzwa lingemwaga bondeni. Haba na haba hujaza kibaba, kwetu ilijaza uwanja.

Mwaka jana kifua kilianza kumbana, akalazwa tarehe 2 mwezi huu, na kila aliyemtazama aliulizwa rundo limefikia wapi. Shemeji, ambaye hakuwahi kumdanganya, alimwambia limeisha. Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia kelele na muwasho, na wafanyakazi wenzake mliomleta nyumbani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na rundo, mmeliona nyuma ya hema, tumelifunika turubai. Jana lori lilikuja tena, dereva hana habari ya msiba, sisi wanaume tukatazamana, shemeji akatoka na khanga yake ya msiba, akamwambia ashushe.

Pumzika kwa amani, kaka, rundo limeisha.